Je, Wajua? Kenojuak Ashevak na bundi waliotoka jiweni

Je, wajua kwamba mojawapo ya picha za chapa zinazojulikana zaidi nchini Kanada ni picha ya bundi? Ndiyo, ndege yule yule ambaye kwetu akitua juu ya paa na kulia usiku, wazee huamka kumfukuza kabla hajaleta msiba. Picha hiyo inaitwa The Enchanted Owl, nasi tungeweza kuiita Bundi wa Maajabu. Ilichapwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Aliyeichora ni Kenojuak Ashevak, mwanamke wa Kiinuit kutoka kisiwa cha Baffin, kaskazini kabisa mwa Kanada. Ndege wake amekodoa macho ya duara, mkia umeinuka juu, manyoya yametawanyika kutoka kichwani kama miale ya jua. Huwezi kumtazama ukaogopa. Mwaka 1970 Kanada ilimweka kwenye stempu ya senti 6, kuadhimisha miaka 100 ya eneo la Northwest Territories.

Je, wajua Baffin ni kubwa kiasi gani? Kisiwa hicho kina zaidi ya kilomita za mraba 507,000, pungufu kiasi ya Kenya nzima. Ni cha tano kwa ukubwa duniani. Lakini mji wa Kinngait, alikoishi na kufanyia kazi Kenojuak, una watu wapatao 1,400 tu. Ramani za zamani zinauita Cape Dorset. Jina la wenyeji lilirudishwa rasmi mwaka 2020.

Miti hakuna. Hili likumbuke, maana bila hilo habari yote inayofuata haieleweki. Ardhi ya huko chini imeganda mwaka mzima, na kinachoota juu yake ni ukoga wa mawe, nyasi, maua madogo na vichaka vinavyotambaa. Ukitaka kuchonga, utachonga jiwe, mfupa au pembe.

Kenojuak alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1927 ndani ya iglu, nyumba ya kuba inayojengwa kwa matofali ya theluji, katika kambi ya Ikirasaq kwenye pwani ya kusini ya Baffin. Alipewa jina la babu yake mzaa mama, aliyekuwa amekwisha kufariki. Kwa desturi ya Wainuit, heshima na upendo uliokuwa wa marehemu humhamia mtoto aliyerithi jina. Desturi hiyo haitamshangaza msomaji wa pwani au wa bara: nasi tunao watoto wadogo wanaoitwa "babu" na shangazi zao, na wanaitika.

Baba yake, Ushuakjuk, alikuwa mwindaji na mfanyabiashara wa ngozi, na watu walimwona kuwa mganga mwenye nguvu. Aliuawa kambini katika ugomvi wakati binti yake bado mdogo. Kenojuak akalelewa kwa bibi, na bibi ndiye aliyemfundisha kukata na kushona ngozi za sili: kutengeneza nguo zisizopitisha maji kwa nyuzi za kano za kulungu wa kaskazini, na kuziba ngozi zilizotoboka ili ziuzwe kwa kampuni ya Hudson's Bay. Huo ndio uliokuwa ufundi wake wa kwanza. Kalamu ilikuja baadaye sana.

Je, wajua kwamba bundi wa theluji huwinda mchana? Hana hiari. Wakati wa kiangazi jua la kaskazini halizami, au huzama kidogo tu, na bundi anayesubiri giza angekufa njaa. Kiota chake huwa chini, juu ya kilima kidogo ambapo upepo umepeperusha theluji, kwa kuwa tawi la kutua halipo. Dume likizeeka huwa jeupe karibu mwili mzima. Jike ni kubwa zaidi na lina michirizi ya kahawia. Miguu imevikwa manyoya mpaka vidoleni. Chakula chao kikuu ni lemingi, panya wanene wa nchi zile za baridi, na idadi ya lemingi hupanda na kushuka kwa miaka. Wakizidi, bundi anaweza kutaga mayai manane au zaidi. Wakipungua sana, huenda asitage kabisa.

Mambo haya watu wa kambini waliyajua kwa macho yao. Sasa tazama bundi wa Kenojuak: wana mikia mirefu ya mapambo, rangi nyekundu, kijani, samawati, na mara nyingine ndege wengine wanachipuka ubavuni mwao. Hakuna kitabu cha ndege kitakachowatambua. Kwa maoni yangu, ni mtu aliyemjua bundi halisi kwa undani tu anayeweza kumbadilisha kiasi hicho na bado ukamtambua papo hapo kuwa ni bundi.

Je, wajua kwamba sanaa hii, ambayo watu wengi huiita "ya kale", ni changa kuliko bibi zetu wengi? Wainuit wamechonga meno ya walrasi, mifupa na mawe kwa karne nyingi, hilo ni kweli. Lakini kuchapa picha kwenye karatasi kulianza Kinngait katika majira ya baridi ya mwaka 1957. Alikuwapo huko ofisa wa serikali aitwaye James Houston, naye mwenyewe msanii. Houston alisimulia kwamba mchongaji hodari Osuitok Ipeelee alikaa siku moja akitazama paketi mbili za sigara zenye kichwa kile kile cha baharia. Osuitok akamwambia kwamba lazima ni kazi ya kuchosha, mtu kukaa na kuchora kichwa hicho hicho kwenye kila paketi. Houston hakuwa na maneno ya kumweleza uchapaji kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit. Akachukua jino la walrasi ambalo Osuitok alikuwa amelichonga picha, akalipaka weusi, akabandika karatasi nyembamba juu yake, akasugua, akaibandua. Picha ikawa imehamia kwenye karatasi. Osuitok akaona mara moja kwamba kazi hiyo wao wanaiweza.

Mwishoni mwa 1958 Houston alisafiri mpaka Japani, akakaa miezi kadhaa akijifunza kwa Un'ichi Hiratsuka, fundi mkubwa wa chapa za mbao. Akarudi na ujuzi na karatasi za Kijapani, zile zinazotengenezwa kwa mkono kutokana na nyuzi za magome, nyembamba lakini hazichaniki ovyo. Mbao za kuchonga, hata hivyo, Kinngait hazikuwapo. Mawe yalikuwapo, na mafundi wa kuyachonga walikuwapo. Basi wakafanya kwa jiwe kile ambacho Wajapani walikifanya kwa ubao. Mkusanyo wa kwanza wa mwaka ulitolewa 1959, na mwaka huo huo chama chao cha ushirika kikaanzishwa.

Siipendi sifa hiyo ya "kale" kwa sababu inawanyima watu hawa haki yao. Inawafanya waonekane wametunza tu walichokikuta. Walichofanya ni kuunda kitu kipya kabisa ndani ya miaka miwili, kwa jiwe la nyumbani, karatasi ya Japani na mikono iliyozoea kisu.

Picha ya kwanza ya Kenojuak kuchapwa ilitokana na mfuko. Alikuwa ameshona mfuko wa ngozi ya sili wenye pambo la sungura anayekula mwani. Pambo hilo likageuzwa kuwa chapa ya mwaka 1959: Rabbit Eating Seaweed. Haikutumia jiwe. Walikata umbo kwenye ngozi ya sili, wakaiweka juu ya karatasi na kupitisha rangi kwenye nafasi zilizokatwa, kama tunavyofanya na stensili za kuandika majina kwenye magunia. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, wangefurahi kuiona.

Hapo ndipo siri ya mchoro wake ilipo, na ningependa kukaa nayo kidogo. Mtu anayeshona ngozi haanzi na mistari na vivuli. Anaanza na umbo zima. Anakata kipande cheusi, anakiweka juu ya cheupe, na ukingo kati ya viwili ndio mchoro. Kosa la kisu halifutiki, na ngozi ya sili si kitu cha kuchezea: mtu ametoka kwenye barafu akahatarisha maisha kuileta. Kenojuak alipopewa karatasi na penseli alichora hivyo hivyo, mstari mmoja wa ukingo unaozunguka polepole bila kusita, huku umbo likijitokeza lenyewe. Ndiyo maana kazi zake zilikubali kuchongwa kwenye jiwe kwa urahisi. Jiwe linataka maumbo mapana yenye kingo safi, na yeye alikuwa amefunzwa kingo tangu utotoni.

Je, wajua kwamba kabla ya hayo yote alikaa hospitalini zaidi ya miaka mitatu? Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza Wainuit. Serikali ya Kanada ilituma meli, C.D. Howe, iliyopita kambi hadi kambi ikiwapima watu kwa eksirei. Waliokutwa na ugonjwa walipelekwa kusini, mara nyingi bila kupewa nafasi ya kuaga. Kufikia mwaka 1956 takriban Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa kwenye hospitali za kusini. Kenojuak alipelekwa katika hospitali ya Parc Savard jijini Quebec mwaka 1952, akiwa ndiyo kwanza amejifungua. Mtoto mchanga akachukuliwa na familia nyingine. Alipokuwa amelazwa, baadhi ya watoto wake walikufa nyumbani, zaidi ya kilomita elfu moja na nusu kutoka kitandani pake. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1955. Huko hospitalini alijifunza kutengeneza wanasesere na kazi ya shanga, na alipofika nyumbani vitu hivyo ndivyo vilivyowafanya James Houston na mkewe Alma wamtambue kuwa ana kipaji.

Waandishi wengi hupenda kusema kwamba hospitali ndiyo iliyomfanya msanii. Mimi sikubali. Mkono wa bibi yake ulitangulia, na gharama ya miaka ile ilikuwa kubwa mno kuihesabu kama ada ya masomo. Machi 2019 waziri mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, alikwenda mjini Iqaluit, kisiwani Baffin, kuwaomba radhi Wainuit kwa jinsi walivyotendewa wakati wa kampeni hiyo ya kifua kikuu. Kenojuak alikuwa amefariki miaka sita nyuma.

Turudi nyuma, kabla ya hospitali. Kenojuak alipochumbiwa na Johnniebo Ashevak, mwindaji wa jirani, alimtupia vijiwe kila kijana huyo alipomkaribia. Alikuwa na miaka 19 na ndoa ilikuwa imepangwa na wakubwa. Baadaye alimpenda kwa upole wake. Johnniebo naye alichora na kuchonga, na mwaka 1970 walichonga pamoja ukuta wa plasta kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Johnniebo alifariki mwaka 1972.

Filamu fupi juu ya Kenojuak, Eskimo Artist: Kenojuak, ilitengenezwa na John Feeney kwa bodi ya taifa ya filamu ya Kanada mwaka 1963, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Malipo aliyoyapata yalimnunulia Johnniebo mtumbwi wake mwenyewe wa kuwindia. Katika nyumba ile sanaa ilikuwa na nafasi yake: nyama ya sili mezani kwanza.

Je, wajua kwamba chapa moja ya Kinngait hupita mikononi mwa watu wawili au zaidi, na alama za wote huwekwa juu yake? Ifuate kazi yenyewe. Mchoraji hupeleka michoro yake kwenye ushirika, naye hulipwa papo hapo, hata kama mchoro hautachapwa kamwe. Michoro michache huteuliwa. Fundi hulisawazisha jiwe mpaka liwe laini, huhamishia mistari juu yake, kisha huchonga na kuondoa kila sehemu isiyotakiwa kupokea wino. Kinachobaki kimeinuka ndicho picha, nayo imegeuzwa kushoto kulia. Hupaka wino kwa rola, rangi tofauti sehemu tofauti, hulaza karatasi ya Kijapani juu, husugua taratibu kwa mkono, hubandua. Halafu anarudia, nakala kwa nakala. Kwa kawaida ni nakala 50. Zikitimia, jiwe huharibiwa makusudi ili isitokee ya 51.

The Enchanted Owl ilitoka kwa namna mbili: baadhi ya nakala zina wekundu na weusi, nyingine kijani na weusi. Bundi ni yule yule, lakini ukiziweka pamoja utaapa kwamba ni ndege wawili.

Ukiwahi kuiona chapa ya miaka ile kwenye makumbusho, inama utazame pembeni chini. Utaona mihuri midogo: wa studio, wenye umbo la iglu, wa mchoraji, na wa fundi aliyechonga jiwe. Njia hiyo ya kugawana kazi ilitumika Japani kwa karne kadhaa. Jambo linalonivutia ni kwamba mwalimu wa Houston, Hiratsuka, alikuwa wa kundi lililoikataa; wao walishikilia kwamba msanii achore, achonge na achape mwenyewe. Wainuit wakachukua ufundi wake na kuacha kanuni yake. Walikuwa watu wa kambi, na kazi kubwa kambini haifanywi na mtu mmoja.

Miongoni mwa mafundi hao wa mwanzo alikuwa Kananginak Pootoogook, aliyesaidia kuuanzisha ushirika, kisha akawa mchoraji mashuhuri wa ndege kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2017, miaka kadhaa baada ya kifo chake, kazi zake zilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia.

Si kila mchoraji wa Kinngait alifanya kama Kenojuak. Pitseolak Ashoona, aliyemtangulia kwa umri, alichora maelfu ya picha za maisha ya kambini: kuhama, kuwinda, kujenga mahema, akina mama na watoto. Ukizitazama unasoma historia. Kenojuak hakutaka kusimulia. Aliulizwa mara nyingi bundi wake wana maana gani, nao waulizaji walitazamia majibu ya mizimu na uganga, hasa waliposikia habari za baba yake. Yeye alijibu kwa miaka mingi kwamba alikuwa akitafuta kutengeneza kitu kizuri, basi. Namwamini. Kuna unyanyasaji fulani katika kumdai mtu wa kaskazini fumbo kila anapochora ndege, ilhali mchoraji wa Paris anaruhusiwa kupenda rangi tu.

Kinngait iko kusini kidogo ya mstari wa Aktiki, kwa hiyo jua halipotei kabisa wakati wa baridi, ila mwezi Desemba hujitokeza kwa saa chache tu, chini chini upeoni. Yeyote anayeishi hivyo anajua furaha ya kuliona likipanda tena. Kenojuak aliichapa furaha hiyo mwaka 1961: Return of the Sun. Nayo ikawa stempu, ya senti 17, mwaka 1980.

Orodha ya heshima alizopewa ni ndefu, nitaipitia haraka. Nishani ya Order of Canada mwaka 1967, mwaka uleule ilipoanzishwa, na ngazi yake ya juu zaidi mwaka 1982. Stempu tatu. Sarafu ya senti 25 mwezi Aprili 1999, mwezi uleule eneo la Nunavut, ambamo Baffin imo, lilipozaliwa likiwa na serikali yake. Noti ya ukumbusho ya dola 10 mwaka 2017, Kanada ilipotimiza miaka 150, ikiwa na bundi wake wa Owl's Bouquet aking'aa kwenye utepe wa rangi ya fedha.

Lililonigusa zaidi ni la mwaka 2004. Akiwa na miaka zaidi ya 75 alibuni dirisha la vioo vya rangi kwa kanisa dogo la chuo cha Appleby, Oakville, karibu na Toronto: bundi na samaki aina ya cha, wa maji baridi, juu ya buluu nzito. Hajawahi kutokea kabla yake Mwinuit aliyebuni dirisha la aina hiyo. Vioo vya rangi vinahitaji nini? Maumbo mapana yenye kingo safi.

Alifariki tarehe 8 Januari 2013, nyumbani kwake Kinngait, akiwa na miaka 85. Tangu mwaka 2018 mji una kituo cha utamaduni na karakana mpya ya uchapaji yenye jina lake, na mkusanyo wa chapa unaendelea kutolewa kila mwaka.

Je, wajua bei ya The Enchanted Owl? Mwaka 1960 nakala iliuzwa dola 24 za Kanada. Mwaka 2001 nakala moja ilifika dola 58,650 kwenye mnada. Mwaka 2018, mjini Toronto, nyingine ikauzwa dola 216,000. Katika mauzo hayo mawili ya baadaye hakuna sheria ya Kanada iliyomlazimu muuzaji kumpa mchoraji au warithi wake hata senti moja. Vyama vya wasanii wa nchi hiyo vimekuwa vikidai asilimia 5 ya kila mauzo ya marudio irudi kwa aliyeitengeneza kazi, na bundi wa Kenojuak ndiye mfano wanaoutaja kwanza. Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1920.